Ulimwambia Nini Mshauri?

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mpenzi Msasa,

Haya, kalamu hii hapa mkononi. Umesema hutaki ujumbe wa simu, eti kwenye simu unaona vile vinukta vikichezacheza halafu vinapotea, unajua nimeandika kitu nikakifuta. Unataka karatasi, ili nikifuta uone nilipofuta. Loo, mume wangu, una vituko wewe! Lakini nimekubali, na dereva wa lori la mbao naye amekubali kuwa posta yetu kila Jumatatu.

Sisi wazima. Mwanao Chiriku kang'oka jino la mbele na sasa anaongea kama anayepuliza chai, ila mdomo haujapumzika hata kidogo. Jana aliniuliza kwa nini jina lako la lugha ya alama ni viganja viwili vinavyosuguana. Nikamwambia siku niliyokuona mara ya kwanza ulikuwa unapiga msasa meza, hukuinua kichwa mpaka niliposimama kwenye mwanga wako. Akauliza kama ulinikasirikia. Nikamwambia ulikasirika sana, kisha ukaona vishimo vya mashavuni ukanipa jina palepale. Amecheka huyo!

Nataka kukuambia kwamba kikao chetu cha ndoa kilikwenda vizuri. Mshauri alisema tuna msingi mzuri, na anataka tuendelee. Ukikumbuka tulivyosumbuka kumpata! Yule wa kwanza aliongea na mimi tu, "Na yeye anajisikiaje?" kana kwamba wewe ni mgonjwa niliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Wa pili akauliza kama unasoma midomo, na midomo yenyewe imefunikwa masharubu kama brashi ya kufagilia. Tulitazamana, tukacheka mpaka tukaondoka bila kuweka miadi. Siku ile nilidhani hata mshauri hatumhitaji tena.

Lakini tulikuwa tunamhitaji, tangu ile siku ya wageni. Watu wanacheka mezani, ukamgusa Chiriku bega umuulize wanacheka nini, naye akakujibu kwa mkono mmoja huku anatafuna: si kitu, nitakuambia baadaye. Ukaweka kijiko chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana ule mkono wa kupungia jambo mbali ni wangu. Kaujifunza kwangu. Tukakubaliana siku hiyohiyo kwamba hatungoji mmoja wetu afunge begi ndipo tutafute mtu wa kutusaidia.

Na mkalimani tungemtoa wapi? Mji huu wote, kama sifanyi naye kazi hospitali au mahakamani, basi nimemfundisha mimi. Ungependa nani kati yao ajue kwamba tukigombana nakuzimia taa ili mikono isionekane? Ndiyo maana nikawa mkalimani mwenyewe, na ulikubali.

Lakini ukaondoka asubuhi iliyofuata kikao bila kugeuka mlangoni. Wewe hugeuka siku zote, kwa sababu ukinipa mgongo ndiyo umekata maneno. Ulikuwa umechelewa lori, au kuna kitu? Sina raha. Niambie tu, na uniambie hizo kazi za milango ya shule zinaisha lini.

Mkeo,
Dimpozi

*

Jumatano, tarehe 12 Agosti

Dimpozi,

Barua nimepata. Sikuwa nimechelewa lori.

Kwenye kikao nilisema jambo moja. Nililipanga wiki nzima nikiranda mbao. Nilisema: "Naogopa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kila ninachojua kuhusu watu kimepitia kwa mke wangu, na sijui amekipunguza wapi." Nililisema polepole. Uliniona.

Kisha ukafungua mdomo. Ulimaliza haraka sana. Mshauri akatabasamu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Ukanirudishia jibu lake: wanandoa wengi hupitia hali hiyo.

Wanandoa gani hao wengi?

Mimi ni kiziwi, si kipofu. Nasoma nyuso tangu homa iliponiondolea masikio nikiwa mdogo kuliko Chiriku. Mtu akiambiwa nilichosema mimi, hatabasamu. Ulimwambia nini mshauri?

Sikuuliza palepale. Ningemuuliza nani? Swali lingepitia kwako na jibu lingepitia kwako.

Halafu nikamkumbuka mwenye duka la samani. Alikuja karakana yangu huko nyumbani kutaka tushirikiane. Ukaongea naye kidogo, akaondoka, ukaniambia alikuwa anauliza bei. Muda mrefu baadaye nikajua ulimkatalia. Ukasema ulimwona tapeli. Labda ni kweli. Lakini alikuwa tapeli wangu, nimkatalie mimi.

Kuna jambo lingine. Msimamizi wa ujenzi ameniandikia kwenye simu yake. Shule inataka fundi mkuu wa karakana, abaki huku moja kwa moja. Anataka jibu mwanzoni mwa Septemba. Huku tunaandikiana, yeye na mimi, na anayejibu ni mimi. Sijui nimjibu nini. Nataka kurudi nyumbani. Pia nataka kukaa mahali ambapo nikiulizwa, ninayeulizwa ni mimi.

Jibu swali langu. Usilizungushe.

Msasa

*

Jumapili, tarehe 16 Agosti

Msasa,

Hapo juu nimefuta, unaona mwenyewe. Mstari wa kwanza ulisema mikono yako ilikwenda kasi sikuifuata. Wa pili ulisema mshauri ndiye hakuelewa. Zote hizo chenga tu, nimezikata.

Nilimwambia: "Anasema wakati mwingine tunakosa muda wa kuzungumza." Basi. Ndiyo hivyo nilivyosema.

Uliposema "naogopa", niliona swali linalofuata likija. Mshauri angeuliza kwa nini unaogopa, na ningelazimika kukuuliza kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nitamke kwa mdomo wangu mwenyewe mabaya yangu yote, "mimi" ikiwa wewe na "yeye" ikiwa mimi. Mahakamani nimewahi kutamka maneno ya wauaji bila kupepesa. Hili lilinishinda.

Lakini na mimi nina langu, na leo nalitoa. Wewe unafumba macho. Nikikujibu usilolipenda, unafumba, na mimi nabaki nimeinua mikono hewani kama mtu anayesimamisha gari lisilotaka kusimama. Nianze kupiga kelele? Kwa nani? Taa nilianza kuizima baada ya hapo. Sijitetei, nakuambia tu kipi kilianza.

Na yule mwenye duka. Unataka kujua alisema nini? Alikutazama huku unapima ubao, akaniambia: "Huyu bubu wako akipewa chakula si ameridhika? Mimi na wewe ndio tutakaopanga." Sikuweza kuyaweka maneno hayo mikononi mwangu, Msasa. Sikuweza. Nikamfukuza, nikaja kwako na tabasamu nikasema anauliza bei.

Na si yeye peke yake. Benki, kliniki, shuleni kwa mtoto, wanasema mbele yako vijembe ambavyo wanajua huvisikii. Navisikia mimi. Nameza, nageuka kwako nimekunjua uso. Miaka yote. Jamani, hata mimi nina tumbo, linajaa.

Nimemwandikia mshauri nikamweleza ukweli wote, kuanzia sentensi ile. Nimemuuliza pia kama tumeshachelewa. Tafadhali, usimjibu msimamizi bado. Nakuomba sana.

Dimpozi

*

Jumanne, tarehe 18 Agosti

Mama Chiriku,

Nimesoma barua yako na nimeona haya. Kosa la kwanza ni langu. Sikupaswa kabisa kukubali mke awe mkalimani wa kikao cha ndoa yake. Ni sawa na kumpa mchezaji filimbi ya mwamuzi halafu kumlaumu akipulizia upande wake. Niliwaona wawili, nikamsikiliza mmoja. Mumeo alinitazama sana pale mwishoni, nami nikadhani ananishukuru.

Kwa sasa sitawafaa. Ameshaniona nikitabasamu mahali ambapo hapakuwa na la kutabasamia, na kila nitakapofanya hivyo atajiuliza. Lakini ninaye mwenzangu niliyesoma naye, yuko mji wa jirani na shule ile anakofanya kazi mumeo. Ana mkalimani mtu mzima, asiyewajua, na asiyetoa neno nje ya chumba. Jina la ofisi na simu nimeviandika nyuma ya karatasi hii.

Umeuliza kama mmechelewa. Mama, wengi huja kwangu wameshagawana vyombo, wananitaka niwe shahidi tu. Ninyi bado mnaulizana na kukosa raha mkingoja jibu. Usingoje hali iwe mbaya zaidi ndipo uone inastahili msaada. Mpelekee mumeo barua hii aisome mwenyewe, na uamuzi uwe wa wote wawili.

Mshauri

*

Jumatano, tarehe 26 Agosti

Dimpozi,

Nimesoma barua yako na ya mshauri. Za wiki mbili nimezijibu kwa barua moja, kwa sababu wiki iliyopita ningeandika matusi. Nilikwenda nyuma ya karakana nikaranda ubao mpaka ukawa mwembamba kama bahasha. Ubao wa watu. Nimeulipia kwa kufanya kazi Jumapili.

"Huyu bubu wako." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Yanauma. Lakini yalikuwa yangu. Uliponificha tusi, ulinificha pia nafasi ya kumshika yule bwana kola na kumtoa nje mwenyewe.

Halafu nikafika pale uliposema unameza. Hapo nilikaa chini. Miaka yote nilikuona umechoka usoni nikadhani umenichoka mimi. Kumbe umebeba matusi yangu peke yako, na sijawahi hata kukupokea. Samahani, mke wangu. Na kufumba macho ni kweli. Sina utetezi. Ni tabia ya kitoto.

Nimekwenda kumwona mshauri huyo mpya. Tumeandikiana. Mkalimani wake ni mama mrefu mwenye mikono mikubwa. Nilimuuliza, akisikia tusi anafanya nini. Akajibu kwa alama: "Naliweka lilivyo." Nimempenda hapohapo.

Kikao ni Jumamosi, tarehe 5 Septemba. Nina sharti moja. Uongee kwa mdomo. Usinionyeshe alama hata moja. Maneno yako nitayapata kutoka mikononi mwa yule mama.

Msimamizi nimemwomba asubiri mpaka siku hiyo. Sitaki kukutisha, nakuambia ukweli: nikitoka mle ndani sijui tena kilichosemwa, nitabaki huku.

Msasa

*

Jumapili, tarehe 30 Agosti

Msasa,

Nitakuja. Tiketi ya basi nimeshakata, Chiriku atalala kwa dada yangu. Dada nimemwambia nakuja kukuona tu. Akisikia habari ya mshauri ataitisha kikao cha ukoo mzima na kila shangazi ataleta ushauri wake.

Lakini sharti lako limeninyima usingizi. Najua kusema maneno ya daktari. Najua kusema ya hakimu, ya mwalimu, na yako. Nikiulizwa, "Na wewe je?", huwa nageuka kuangalia ni nani anaulizwa! Leo nimesimama mbele ya kioo nijaribu kusema jambo langu mwenyewe. Nimesema, "Mimi..." nikakwama. Chiriku akaniuliza naongea na nani.

Na kuna hili. Nimeshaona ndoa mbili zikivunjikia mikononi mwangu, nikiwa mkalimani tu wa watu. Najua sura ya mtu anaposikia neno ambalo halirudi. Naogopa nisije nikaiona kwako. Naogopa usije ukaiona kwangu. Haya, nimesema.

Dimpozi

*

Jumapili, tarehe 6 Septemba

Mpenzi Msasa,

Nimefika salama. Mwili umechoka kama niliyefua mablanketi ya hospitali nzima.

Sikukuambia jana, lakini nilimwonea wivu yule mama mrefu. Kusikia maneno yako kwa sauti ya mwanamke mwingine! Alisema "naogopa ndani ya nyumba yangu mwenyewe" kwa sauti nzito, bila haraka, na mshauri hakutabasamu. Aliweka kalamu chini. Na mimi, niliyeyajua maneno yale kabla ya wote, nikalia kama ndiyo kwanza nayasikia.

Halafu zamu ikawa yangu. Mikono ikanyanyuka yenyewe, nikaikalia. Ulicheka, usikatae, nilikuona. Mtu mzima kukalia mikono kama mtoto wa chekechea! Lakini nisingeikalia, nisingesema nilichosema: kwamba nimechoka kuwa mdomo wako, na kwamba naogopa siku nikiacha hutakuwa na haja nami. Hilo la pili, haki ya Mungu, sikujua kama limo ndani yangu. Nilimtazama yule mama akilisema kwa mikono yake yote, hakupunguza kitu, nikatamani nimshike vidole. Nawe hukufumba macho. Yalijaa machozi na hukuyafumba.

Sasa lile la getini.

Tulikuwa tumeshafika shuleni kuchukua begi langu, msimamizi akatokea, akanirukia mimi kama wanavyofanya wote. "Afadhali umekuja mama, kuandikiana na mumeo kumenichosha vidole. Hebu muulize, kazi anaichukua au haichukui?" Nikakuuliza kama alivyosema, hata lile la vidole. Ukanitazama sana. Kisha ukajibu: unaichukua, lakini mpaka mwisho wa mwaka tu, baada ya hapo unarudi nyumbani.

Msasa, nilitaka urudi nami jana ileile. Kabla sijaondoka nilikuwa nimepanga upya kabati, nikakuachia upande wako mkubwa. Na pale getini ningehitaji kumwambia msimamizi neno moja tu: Hapana. Angeinua mabega, angetafuta fundi mwingine, nawe ungerudi nyumbani ukidhani wao ndio waliobadili mawazo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, sikudanganyi.

Nikaongea naye, akaitikia kwa kichwa, akapanda gari lake. Hukuniuliza nimesema nini. Basi likapiga honi, nikaondoka nikikuangalia dirishani mpaka kona.

Nilimwambia ulichosema, chote, na mwisho wake. Lakini karatasi haikatai kitu, na sijakupa bado sababu ya kuniamini. Ukitaka, muulize mwenyewe kwa simu yake. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo tu.

Mkeo,
Dimpozi

*

Alhamisi, tarehe 17 Septemba

Mke wangu Dimpozi,

Barua yako niliipata Jumatatu ile. Sikujibu. Nilikuwa nangoja.

Msimamizi aliondoka siku ileile kwenda kwenye ujenzi mwingine, hakurudi kwa zaidi ya wiki. Namba yake ninayo. Nikaandika: "Mke wangu alikuambia nini?" Nikafuta. Ndiyo, nimefuta na mimi. Kesho yake nikaandika tena, nikafuta tena. Niliona nikimuuliza yeye leo, kesho nitamuuliza daktari, kesho kutwa mwalimu, na maisha yangu yote nitakuwa nazunguka nyuma yako nikikagua. Nikasema hapana, nangoja. Lakini kungoja si mchezo. Nilipima mlango mmoja vizuri kabisa kisha nikaukata mfupi. Mafundi walinicheka mpaka wakashika mbavu.

Nilijua ulitaka nirudi. Uso wako niliusoma pale getini. Nilisema "nabaki" huku najua nakukata maini, na sikuwa na njia ya kuona kama umelipeleka. Nilibaki kwa sababu hii ni kazi ya kwanza niliyoulizwa na nikajibu mwenyewe. Nataka nirudi nyumbani nikiwa nimeimaliza, nisiwe tena mtu anayengoja nyuma ya mgongo wako uniambie dunia imesema nini.

Mshauri ameuliza kama tutakuja tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimemwandikia kwamba nitakuuliza kwanza. Nakuuliza. Ukija, mlete Chiriku anione karakana, na awe mtoto tu, asinitafsirie mtu yeyote.

Msimamizi amekuja leo asubuhi. Alinipa funguo za karakana, kisha akaandika kwenye simu yake akanionyesha: "Kama mkeo alivyosema. Mpaka mwisho wa mwaka, halafu unarudi kwako."

Nililia, mke wangu. Mbele ya mafundi wote, funguo mkononi. Msimamizi alidhani nafurahia cheo, akanipigapiga begani.

Mumeo,
Msasa